Nani Anamla Nani: Somo la Ikolojia Nje ya Mlango

Kuta za madarasa mengi ya chekechea jijini Nairobi zina picha ya simba akimkimbiza swara. Picha si mbaya, ila mtoto wa miaka mitano anayeishi kijiji cha Raila, Kibera, hajawahi kumwona swara. Anayemjua ni mwewe, aliyemshukia juzi akamnyakulia andazi mkononi. Somo lianzie kwa mwewe.

Mfumo wa ikolojia ni viumbe hai wa mahali fulani pamoja na udongo, maji, hewa na jua, na jinsi vyote vinavyotegemeana. Mtoto wa chekechea, wa PP1 au PP2, hahitaji maelezo hayo. Mpe maswali mawili ya kuuliza kila anapoona kiumbe: Huyu anakula nini? Na asipokuwepo, nani atalala njaa?

Mahali pazuri pa kuyauliza ni kwenye gunia la sukuma wiki. Kilimo cha magunia kilienea sana Kibera baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na bado utayaona magunia hayo kando ya nyumba: udongo na mbolea ndani, nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, miche imechomekwa ubavuni. Geuza jani. Ukibahatika utakuta vidukari, wadudu wadogo wa kijani au kijivu wanaofyonza utomvu. Wakati mwingine chungu nao watakuwa wakipanda na kushuka kwenye shina. Usiwaambie watoto sababu, waache wabuni. Kisha eleza kwamba kidukari hutoa majimaji matamu, chungu huyalamba, na kwa ajili ya utamu huo huwafukuza wanaokuja kumla kidukari. Adui mmojawapo ni yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi mgongoni. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo, ni kama mamba mdogo mweusi, na mlo wake ni vidukari walewale.

Wahesabu vidukari wa jani moja Jumatatu, warudie Ijumaa. Mwenye gunia akipiga dawa kali, mdudu mwekundu naye hufa, na vidukari hurudi haraka kuliko yeye kwa sababu jike huzaa bila kuhitaji dume. Hata mtu mzima hufaidika kulijua hilo.

Zoezi la pili linahitaji mikebe miwili yenye udongo wenye unyevu. Katika mmoja fukia ganda la ndizi, katika mwingine kipande cha plastiki. Nyunyizia maji kidogo kila baada ya siku chache, ufukue baada ya mwezi mmoja. Ganda litakuwa limeanza kuliwa na kuvu, bakteria na wadudu. Plastiki itatoka ilivyoingia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, lakini chimba popote mtaani uone iliyotangulia.

Jaa la taka pia ni darasa, mradi mlitazame kwa mbali. Inzi hutaga mayai kwenye uchafu, funza wanatokea, kuku wanawadonoa, mwewe anamnyakua kifaranga. Panya wanakula makombo na paka wanawavizia panya. Mtoto akisema inzi ni mbaya, muulize kuku angesemaje.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wa gredi ya pili au ya tatu, kuna Nairobi Dam, chini ya Kibera. Bwawa hili lilijengwa 1953, na zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga humo. Kwa miaka mingi limekuwa likifunikwa na gugu maji, mmea uliotoka Amerika Kusini bila wadudu wanaoula huko kwao, ukanawiri kwa maji taka yanayotiririka kutoka mitaani. Majani yakiziba mwanga, oksijeni majini hupungua na samaki hufa. Katika Ziwa Viktoria waliletwa wadudu wanaokula gugu hilo, miaka ya 1990, na likapungua sana kwa kipindi fulani. Hapo swali la pili linageuka: itakuwaje mgeni akiingia na hakuna wa kumla?

Usiwapeleke watoto kwenye mtaro wala ukingoni mwa bwawa. Wasiguse panya, hai au mfu, na wakitoka nje wanawe mikono kwa sabuni. Kuhusu lugha, usiwabane: mtoto anayemjua ndege kwa jina alilofundishwa na nyanya yake kwa Kijaluo au Kiluhya amtaje hivyo, Kiswahili kitafuata.

Mwalimu, kabla ya kununua chati nyingine ya wanyama wa mbugani, nenda kwa mama mwenye gunia karibu na shule. Mwombe darasa lako lije dakika kumi tu kila wiki, na uahidi kwamba hakuna jani litakalochumwa.