Leseni ya programu: kabla ya kufuta kompyuta, jua ulichonunua

Katika ukurasa huu msomaji amezoea kukutana na bei za mahindi, saruji, kahawa na dola. Wiki hii tunaiweka kwenye mizani bidhaa isiyo na uzito wala gunia, lakini ambayo kila mwenye kompyuta nyumbani huilipia kwa namna moja au nyingine, nayo ni leseni ya programu. Walaji wengi huijua bidhaa hii siku kompyuta inapoharibika, na siku hiyo huwa wamekwisha chelewa.

Tuchukue mfano wa familia yenye kompyuta tatu. Ya baba ni ya mezani, ilinunuliwa mtumba. Ya mama ni mpakato, ilinunuliwa mpya dukani, naye huitumia kutunza hesabu za duka lake. Ya tatu ni ya kijana wao aliyeko chuoni. Kompyuta ya baba inaanza kusuasua, fundi anaitwa, "anapiga window" upya, anapokea ujira wake na kuondoka. Baada ya muda kioo kinaandika kwamba Windows haijaamilishwa, yaani haijathibitishwa na kampuni iliyoitengeneza. Baba anachukua namba ya leseni ya kompyuta ya mama na kuiandika kwenye ya kwake. Inakataliwa. Anauliza: "Si tumeinunua kwa fedha zetu? Mbona haitumiki ndani ya nyumba yetu?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni la kibiashara kabla halijawa la kiufundi.

Kinachouzwa ni ruhusa

Anayeuza kiti hukabidhi kiti, na mnunuzi akitaka cha pili hulipa tena kwa sababu mbao na misumari vinagharimu. Programu haiko hivyo. Gharama kubwa iko katika kuitengeneza nakala ya kwanza, na nakala ya milioni moja haimgharimu mwenye mali karibu chochote. Kama kila mnunuzi angekuwa huru kunakili na kugawa, mtengenezaji asingerudisha mtaji wake. Kwa hiyo kinachowekwa sokoni ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa hiyo ina mipaka iliyoandikwa katika masharti ambayo wengi wetu huyakubali bila kuyasoma.

Sheria nayo inamlinda mtengenezaji. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unazilinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi, sawa na vitabu. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kwa miaka mingi mipaka hiyo ilibaki kwenye karatasi tu. Mambo yalibadilika mwaka 2001, Microsoft ilipotoa Windows XP iliyomtaka mnunuzi aiamilishe kwa intaneti au simu katika siku 30. Tangu hapo kompyuta yenyewe ndiyo karani wa leseni.

Aina tatu za ruhusa

Aina ya kwanza hufungwa kwenye mashine. Hii ndiyo inayokuja na kompyuta mpya kutoka kiwandani, na katika biashara hujulikana kwa herufi OEM. Bei yake huwa nafuu kwa sababu mtengenezaji wa kompyuta hununua kwa jumla, lakini unafuu huo una sharti kwamba leseni huzaliwa na kufa na mashine ile. Mwenye nayo anaweza kupiga Windows upya mara nyingi kadiri apendavyo kwenye kompyuta hiyo hiyo, na anaweza kubadilisha diski au kuongeza kumbukumbu. Kilicho moyo wa mashine ni mazabodi, yaani bodi kuu. Ikibadilishwa kwa hiari ili kupata mashine yenye nguvu zaidi, Microsoft huihesabu kuwa ni kompyuta nyingine, na leseni inahitajika upya. Ikibadilishwa kwa sababu ya hitilafu, leseni hubaki.

Aina ya pili huenda na mnunuzi. Hii ni leseni ya dukani, inayouzwa peke yake bila kompyuta. Inaruhusu mashine moja kwa wakati mmoja, lakini mashine ikifa au ikiuzwa, mwenye leseni anaweza kuiondoa huko na kuihamishia kwingine. Bei yake huwa juu kuliko ya kwanza, na tofauti hiyo ya bei ndiyo thamani ya uhuru wa kuhama.

Aina ya tatu hufungwa kwenye akaunti na huhesabu idadi. Mlaji hulipa kwa mwezi au kwa mwaka, kisha kampuni humhesabia. Kifurushi cha Microsoft 365 cha familia huruhusu hadi watu 6, kila mmoja akiwa ameingia katika vifaa visivyozidi 5 kwa wakati mmoja. Adobe humruhusu mtu mmoja kuamilisha kwenye kompyuta mbili, ila asizitumie zote kwa pamoja. Programu nyingi za kuzuia virusi nazo huuzwa kwa idadi ya vifaa na kwa mwaka.

Katika aina hii ya tatu ndipo kupiga Windows upya kunapoweza kumletea mlaji hasara asiyoitarajia. Programu ya iTunes ya Apple ni mfano mzuri. Akaunti moja huidhinisha kompyuta zisizozidi 5, na anayefuta diski bila kwanza kuondoa idhini huweza kukuta nafasi ile imehesabiwa kwa kompyuta ambayo haipo tena. Dawa yake ni kufuta idhini zote kwa pamoja, jambo linaloruhusiwa mara moja tu kwa mwaka.

Masharti hubishaniwa kama bei

Msomaji asidhani kwamba masharti haya ni msahafu. Oktoba 2006 Microsoft ilitangaza kwamba leseni ya dukani ya Windows Vista ingehamishwa mara moja tu. Wateja, hasa wanaojiundia kompyuta wenyewe, walilalamika, na Novemba mwaka ule ule kampuni iliondoa kikomo hicho. Mwaka 2013 ilitoa Office 2013 kwa sharti kwamba nakala ya dukani ifungwe kwenye kompyuta ya kwanza milele. Malalamiko yakaja tena, na Machi mwaka huo ikakubali ihamishwe, ila si zaidi ya mara moja katika siku 90, isipokuwa kompyuta ikiharibika.

Mipaka ya leseni, kwa hiyo, ni sehemu ya bei. Mnunuzi anayeangalia tarakimu iliyobandikwa dukani bila kuangalia mipaka ni sawa na anayenunua shamba bila kuuliza mpaka unaishia wapi.

Namna ya kuitambua uliyonayo

Kwa mwenye Windows kuna kipimo rahisi kisichohitaji fundi. Afungue dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha aandike slmgr /dli na kubonyeza kitufe cha Enter. Kitatokea kisanduku chenye maelezo. Akiona neno RETAIL, leseni yake ni ya dukani na inaweza kuhama. Akiona OEM, imefungwa kwenye mashine. Akiona VOLUME, hiyo ni leseni ya jumla inayouzwa kwa makampuni na taasisi.

Neno hili la mwisho limfanye mnunuzi wa kompyuta ya mtumba asite. Likifuatiwa na herufi KMS, maana yake ni kwamba kompyuta inatakiwa kuthibitishwa na seva ya taasisi angalau kila siku 180. Kompyuta ya nyumbani haina seva hiyo. Ama leseni ilibaki kwa ofisi iliyoiuza mashine, ama kuna aliyeiamilisha kwa hila. Vyovyote vile, mnunuzi hakuuziwa leseni.

Sasa turudi kwa baba wa mfano wetu. Leseni ya mama ni ya OEM, ndiyo sababu ilikataa. Lakini huenda baba hakuhitaji kuiomba. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huihifadhi namba ya leseni ndani ya mazabodi, na Windows huisoma yenyewe wakati wa kupigwa upya. Sharti ni kwamba toleo liwe lile lile. Mashine iliyotoka kiwandani na leseni ya Home, fundi akiipiga Pro kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye flashi yake, haitaamilika. Leseni ya baba inawezekana ilikuwapo muda wote, ila ilikuwa ya toleo jingine. Kumwambia fundi neno moja, Home au Pro, kungemwokolea fedha.

Tufanye hesabu

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tuseme leseni ya kudumu ya programu ya ofisi ni shilingi 400,000 kwa kompyuta moja, na kifurushi cha familia ni shilingi 250,000 kwa mwaka kwa nyumba nzima.

Kompyuta tatu kwa leseni za kudumu ni shilingi 1,200,000. Kwa kifurushi, miaka sita ni shilingi 1,500,000. Kwa hiyo leseni ya kudumu inaonekana nafuu kwa shilingi 300,000. Lakini kompyuta moja ikifa mwaka wa tatu, na leseni yake haihamishiki, familia italipa 400,000 nyingine na jumla itafika shilingi 1,600,000. Kifurushi kimekuwa nafuu. Kama leseni ile ingekuwa ya kuhama, gharama ingebaki 1,200,000.

Hapo ndipo penye somo. Sharti moja la kuhama au kutohama limegeuza uamuzi wote, ilhali bei za dukani hazikubadilika hata senti. Anayetegemea kubadilisha kompyuta mara kwa mara ana sababu ya kulipia uhuru huo. Mwenye mashine mpya anayokusudia kuitumia hadi ichakae, OEM inamtosha.

Ipo pia njia ya tatu. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, na mifumo ya Linux kama Ubuntu, hutolewa kwa leseni zinazoruhusu kusakinishwa kwenye kompyuta zozote bila kuhesabu. Gharama yake ni muda wa kujifunza, na wakati mwingine usumbufu wa mafaili kutoka programu nyingine kutopangika vizuri. Kwa kompyuta ya mtoto wa shule, hesabu hii yafaa ipigwe kwa makini.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza unamhusu mama na duka lake. Office Home and Student ya 2007 na ya 2010 iliruhusu kompyuta tatu za nyumba moja, lakini ilikataza matumizi ya biashara. Vifurushi vya nyumbani vya Microsoft 365 navyo ni kwa matumizi binafsi. Anayetunza hesabu za duka au kuchapa kazi za wateja kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya biashara, hata kama kompyuta iko sebuleni.

Mtego wa pili ni namba za leseni za bei ya kutupa. Kuuza leseni iliyokwisha tumika si haramu kila mahali. Tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua kwamba aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuza, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike. Marekani, katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk ya mwaka 2010, mahakama ya rufaa ilishikilia kwamba mwenye nakala alikuwa mpewa leseni tu, hivyo hakuwa na haki ya kuuza. Muuzaji asiyeweza kueleza leseni yake ilitoka wapi na nani ameacha kuitumia, anauza namba tupu, na namba hiyo ikifungwa mnunuzi hana pa kudai.

Mtego wa tatu ni neno "kudumu". Mwanzoni mwa 2013 ilifahamika kwamba Adobe imezima seva ya kuamilisha programu zake za CS2, na ikabidi iwape wateja wake nakala zisizohitaji kuamilishwa. Safari hiyo kampuni iliwajali. Mnunuzi akumbuke kwamba leseni inayohitaji seva hudumu kwa kadiri seva inavyodumu.

Ushauri kwa mlaji

Kabla ya kununua, uliza mambo matatu: leseni hii imefungwa kwenye mashine, inahama, au inahesabu vifaa? Kabla ya kumpa fundi kompyuta, jua toleo lako, hakikisha unakumbuka akaunti na nywila yake, hifadhi mafaili, na toka katika programu zinazohesabu vifaa. Kabla ya kuuza kompyuta, iondoe leseni inayohama, maana ukiiacha humo umeigawa bure.

Mwisho, chukua daftari. Andika jina la programu, toleo, aina ya leseni, tarehe ya kununua, akaunti iliyotumika na kompyuta ilipo. Risiti ibandikwe humo humo. Kwa mwenye biashara hiyo ni mali, na inastahili mstari wake katika vitabu kama mizani na friji. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii isiyoonekana kwa macho hupotea upesi kuliko nyingine zote.