Je, Kahawa Hufukuza Usingizi? Adenosini na Vitenzi vya Kiswahili

Makala haya yanachunguza tatizo moja la istilahi: namna ya kueleza kwa Kiswahili kazi ya adenosini ubongoni. Tutazingatia usemi wa pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, ambako wavuvi hukesha baharini na kahawa huhesabiwa kuwa dawa ya usingizi.

Mwaka 1997, Tarja Porkka-Heiskanen na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza paka, kuwa adenosini huongezeka katika sehemu ya chini ya ubongo wa mbele kadiri mnyama anavyokaa macho, na hupungua alalapo. Adenosini hujishikiza kwenye vipokezi vya seli, hususan A1 na A2A, na matokeo yake ni kutulia kwa neva zinazotuweka macho. Kafeini, inayofanana nayo kwa umbo, hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha.

Hapo ndipo vitenzi vyetu vinapotupotosha. Kiswahili huuchukulia usingizi kuwa mtendaji atokaye nje: humshika mtu, humchukua, humpitia, basi kahawa nayo huufukuza. Kisayansi, hakuna kilichofukuzwa. Adenosini ingali inaongezeka. Kilichozuiwa ni ujumbe wake tu. Mvuvi aaminiye kuwa usingizi umekwenda zake hatarajii urudi kwa kishindo kafeini ipunguapo mwilini, na huenda saa hiyo ndiye aliyeshika usukani. Tunapendekeza kitenzi 'kuziba': kahawa huziba vipokezi. Kwa kuwa kuziba huweza kudokeza jambo la kudumu, iongezwe 'kwa muda', maana nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa kadiri ya saa 5.

Kuhusu jina lenyewe, hatuoni haja ya kulitafsiri. Adenini, iliyo shina lake, ilipewa jina na Albrecht Kossel mwaka 1885 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tezi, kwa sababu aliipata katika kongosho la ng'ombe. Atakayetafsiri asili hiyo atamfundisha mwanafunzi habari za tezi, hali somo ni ubongo. Utohozi unatosha. Kazi ngumu imo katika vitenzi, ambavyo watunzi wa kamusi za istilahi, waliozoea kuorodhesha nomino, mara nyingi huviacha.