Kabla Mama Hajatia Sahihi: Utafiti wa Dawa Hospitalini ni Nini?



Katika familia nyingi za hapa Rusizi, anayesoma chuo ndiye msomaji wa karatasi zote za nyumbani. Barua ya kiwanja, ujumbe wa benki, maelezo ya dawa yaliyoandikwa kwa Kifaransa huko Bukavu: vyote huishia mikononi mwake. Iko siku utaletewa karatasi ya kurasa sita au saba, na mama au shangazi atakuuliza, "Mwanangu, hospitali wanasema niingie kwenye utafiti wao. Nitie sahihi?" Somo hili ni kwa ajili ya siku hiyo, na halimhusu mwanafunzi wa udaktari peke yake.

Jambo la kwanza likieleweka, mengine yatafuata. Matibabu na utafiti ni vitu viwili, hata kama vinafanyika chumba kimoja na kwa mkono wa daktari yuleyule. Katika matibabu, daktari anakutazama wewe: una nini, na dawa ipi inayojulikana itakufaa. Katika utafiti anatafuta jibu la swali ambalo hakuna anayelijua bado, na wewe ni mmoja wa watu ambao miili yao italitoa jibu hilo. Huenda ukapona kwa sababu yake, huenda usipate faida yoyote, na madhara yanaweza kuwapo. Wanaotarajiwa zaidi kunufaika ni wagonjwa watakaokuja baada yako. Kwa nia njema hiyo ni sadaka kubwa, lakini mtu hawezi kutoa sadaka ya kitu asichojua kwamba anakitoa.

Tusiende mbali kutafuta mfano. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mwaka uliofuata ilifika Goma, na Agosti 2019 ikaonekana Mwenga, katika Kivu ya Kusini, mkoa ule tunaoutazama ng'ambo ya mto kila asubuhi. Mpaka wa Rusizi I ulijaa ndoo za maji na vipima joto. Desemba 2019 Wizara ya Afya ya Rwanda ilianza kampeni ya chanjo iliyoitwa UMURINZI (msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, ni mlinzi), na wilaya zilizochaguliwa zilikuwa mbili za mpakani: Rubavu na Rusizi. Wengi wetu tulikuwa bado shule, lakini tunawakumbuka wazazi waliokwenda, hasa akina mama wanaovuka kila siku na mboga na samaki.

Jambo ambalo wachache walilizingatia ni kwamba chanjo hiyo ya kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa bado haijapata idhini ya kutumika kama dawa ya kawaida. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha Julai 2020, miezi saba baadaye. Kwa hiyo watu wetu hawakuipokea kama wanavyopokea chanjo ya surua kituo cha afya. Waliipokea chini ya utaratibu wa utafiti: kuelezwa, kukubali kwa maandishi, dozi ya kwanza, kisha dozi ya pili ya aina tofauti baada ya siku 56, na kufuatiliwa. Zaidi ya watu 200,000 walipata angalau dozi moja. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule, jambo la kumshukuru Allah. Lakini kwa sababu hiyohiyo kampeni peke yake isingeweza kuthibitisha kwamba chanjo inazuia Ebola, maana ugonjwa wenyewe haukuvuka. Ilichoweza kuonyesha ni usalama wake kwa watu wengi. Ndiyo maana inafaa kuuliza utafiti unatafuta jibu la swali gani hasa.

Dawa mpya hupita hatua. Kwanza hupimwa maabara na kwa wanyama, kisha kwa makumi ya watu ili kujua usalama na kiasi cha dozi, kisha kwa mamia, kisha mara nyingi kwa maelfu, ikilinganishwa na dawa iliyopo. Hata baada ya kuingia madukani huendelea kufuatiliwa. Mwulize mtafiti yuko hatua ya ngapi. Anayeingia hatua ya kwanza anabeba mzigo wa kutojua ambao ni mzito zaidi.

Linalowachanganya wagonjwa wengi ni kura. Karatasi itasema utapangwa kwenye kikundi bila daktari wala wewe kuchagua. Mtu anasikia hivyo na kusema, "Kumbe wanatuchezea bahati nasibu." Tazama kilichotokea kwa jirani zetu wa Beni na Butembo. Novemba 2018 ulianza utafiti ulioitwa PALM, ukiongozwa kwa upande wa Kongo na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Dawa zilikuwa nne, na kila mgonjwa wa Ebola aliyekubali alipata mojawapo kwa kura. Zaidi ya wagonjwa 670 walihesabiwa. Dawa iliyowekwa kuwa kipimo cha nyingine, ZMapp, ilikuwa imeonyesha matumaini kabla ya hapo huko Afrika Magharibi. Matokeo: katika kundi lake walifariki karibu nusu, na katika kundi la remdesivir vilevile, zaidi kidogo ya nusu. Katika makundi ya dawa mbili nyingine walifariki takriban mmoja kati ya watatu, na kwa waliowahi kufika wakiwa na virusi vichache, karibu mmoja kati ya kumi. Mojawapo ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Kama madaktari wangeachiwa wachague kwa hisia zao, huenda wengi wangechagua ZMapp, na tungezika watu zaidi huku tukidhani tunawatibu. Kura ni ya haki pale tu ambapo hakuna anayejua ipi bora. Na palipo na kura lazima pawe na kamati huru inayochungulia matokeo njiani: Agosti 2019 kamati hiyo ilipoona tofauti imekuwa wazi, kura ilisimamishwa na wagonjwa waliofuata wakapewa zile dawa mbili.

Kulinganisha huku tusikuone kitu kigeni. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kwamba aliwatoa damu wagonjwa wa sirsamu wa kundi moja na akawaacha kwa makusudi wa kundi jingine, ili apate uhakika wa tiba ile. Ibn Sina naye katika al-Qanun aliweka kanuni za kupima dawa, mojawapo ikiwa kwamba dawa ipimwe kwa binadamu, kwani kufaa kwa mnyama si ushahidi wa kutosha kwake.

Wakati mwingine kura huachwa. Marburg ilipotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, chanjo ya majaribio ilianza kutolewa tarehe 6 Oktoba, kwanza kwa wahudumu wa afya, bila kundi la kusubirishwa. Waliougua walikuwa 66 na waliofariki 15, wengi wa wagonjwa wakiwa wauguzi na madaktari wenyewe. Naelewa kwa nini hakuna aliyetaka kumwambia muuguzi asubiri wiki tatu. Gharama yake ni kwamba swali la "inakinga kwa kiasi gani?" halikupata jibu safi.

Sasa upande wenye giza, ambao vijana wetu huusikia kwa fununu tu. Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo ilipoiangamiza Kano, Nigeria, mji wa Waislamu, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wapatao 100, na wengine idadi hiyo wakapewa dawa iliyokuwapo. Watoto 11 walifariki, watano kundi la kwanza na sita la pili. Wazazi walisema hawakuambiwa kwamba ni utafiti. Kampuni ilisema walielezwa kwa mdomo wakaridhia. Mwaka 2009 ililipa jimbo la Kano kwa makubaliano ya dola milioni 75, bila kukiri kosa. Katikati ya ugomvi huo, mwaka 2003, Kano ikasimamisha chanjo ya polio, na polio ikasambaa hadi nchi ambazo zilikuwa zimeisahau. Ridhaa isiyoandikwa wala kueleweka iliwaumiza watoto ambao hawakuwapo hata siku ile.

Dini yetu inasemaje kuhusu ridhaa? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho alitiliwa dawa pembeni mwa kinywa. Aliashiria wasimpe, wao wakadhani ni ile hali ya mgonjwa kuchukia dawa, wakampa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwa amewakataza, kisha akaagiza waliokuwamo nyumbani wote wapewe dawa ileile huku akitazama, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakushuhudia jambo lile. Waliompa walikuwa watu waliompenda kuliko nafsi zao, na dawa waliiona ya kheri. Hata hivyo kukataa kwake kulikuwa na hukumu. Nadhani kisa hiki kingefaa kusomwa kwenye kila wodi.

Kwa zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilisema utafiti wa kitabibu unahitaji ridhaa ya mtu mwenye uwezo kamili, isiyo na shuruti kama ya mfungwa wala kishawishi cha fedha kama cha fukara. Hilo la fedha lituguse. Kurudishiwa nauli ya kutoka Bugarama hadi hospitali ni haki. Lakini mama akikuambia anaingia kwa sababu ya pesa ya mahindi, keti naye kwanza. Suala la watoto ni zito zaidi, na baraza hilo lilikuwa kali kwao, kwa hiyo muulizeni sheikh pamoja na daktari.

Basi karatasi imefika. Isome kwa sauti, kwa lugha anayoiota usiku. Kisha usimuulize "umeelewa?" maana atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie akueleze yeye kwa maneno yake: watamfanyia nini, watachukua damu mara ngapi, ni nini kinachoweza kumdhuru, na asipokubali atatibiwa vipi. Hilo la mwisho ndilo mtihani. Akidhani kukataa kutamnyima matibabu yake ya kawaida, bado hajaelezwa vizuri, kwa kuwa kukataa au kutoka katikati hakupaswi kumpunguzia chochote. Tafuta jina la Kamati ya Taifa ya Maadili, RNEC, na namba ya simu ya kulalamikia. Utafiti usio na kibali cha kamati ya maadili usiutie mkono. Uliza nani atalipa akidhurika. Mwanamke aulize kuhusu ujauzito na kunyonyesha. Mfungaji wa Ramadhani aseme mapema, kwani saa za vidonge na za kutolewa damu mara nyingi hupangika upya zikisemwa kabla, na ni vigumu zikishaanza. Asiharakishwe. Karatasi inaweza kulala nyumbani usiku mmoja.

Akikubali, nakala moja ni yake. Na kama ni mtu wa kuvuka Rusizi I kwa biashara, abebe kadi ya utafiti pamoja na kitambulisho chake. Akianguka sokoni Kadutu, daktari wa Bukavu hana njia nyingine ya kujua ni dawa gani iliyomo mwilini mwake, wala nani wa kumpigia simu upande huu.