Uvimbe wa Taya Unaokua Haraka

Mdogo wako amevimba taya. Nyumbani watasema ni jino, na mara nyingi ni jino kweli. Lakini je, kama uvimbe unakua wiki hadi wiki na meno yanalegea? Hapo usingoje.

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46. Hizo ni nyuzi zilizobeba jeni, yaani maagizo: gawanyika, simama, kufa. Seli ikitaka kugawanyika hunakili nyuzi zote, kisha huzigawa sawasawa. Makosa hutokea. Mengi hurekebishwa, au seli yenyewe hufa. Machache huponyoka, na seli nyingi za saratani ukizipima utakuta kromosomu zimezidi, zimepungua, au zimekatika zikaungwa ovyo.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Leo saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt. Kwa wagonjwa wengi, kipande cha kromosomu ya 8 kimebadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 14. Jeni iitwayo MYC, inayohimiza seli kugawanyika, inajikuta jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizo hazilali. Ni sawa na taa iliyoungwa kwenye waya usio na swichi! Seli huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Malaria ya mara kwa mara inachangia. Seli za kingamwili hulazimika kugawanyika sana, tena hukata jeni zake zenyewe ili kuboresha kingamwili. Katika kukata huko ndipo mambo huharibika. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu sote tunacho, nacho huzisaidia seli mbovu zisife. Basi si uchawi, na mtoto mgonjwa hawaambukizi wenzake saratani.

Mpeleke hospitali, vivyo hivyo akivimba tumbo. Jino likishang'olewa na uvimbe ukabaki, ombeni kipande cha nyama kipimwe. Kwa kuwa seli hizi hugawanyika haraka, dawa huzipata vizuri, na watoto wengi hupona wakiwahi. Uvimbe unaweza kunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Wazazi wakitaka kurudi nyumbani hapo, waambie dozi bado.