Hofu ya Ghafula Si Pepo

Ndugu zetu, mwaka huu alitujia kijana aliyeacha kusali jamaa. Alikuwa katika safu siku ya Ijumaa, mara moyo ukaenda mbio, pumzi zikamsonga, vidole vikafa ganzi, akayakinisha kwamba anakufa. Jamaa zake wakanena ana pepo. Mganga akataka mbuzi na fedha za ngoma. Mbuzi akachinjwa, na hofu ikarejea.

Yatupasa tuifahamu hali hii. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili kuwa na mlinzi: mtu aonapo hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo ukapiga mbio na pumzi zikaharakisha, ili apate kukimbia au kupigana. Mlinzi huyu mara nyengine hupiga ukelele na hapana mwizi. Na kupumua mbio mno hupunguza hewa ya kaboni katika damu, ndipo kikaja kizunguzungu na ganzi. Mtu akiziogopa dalili hizo, hofu huzidi. Na hofu ikizidi, dalili nazo huzidi. Lakini kwa kawaida hufika kilele chake katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe.

Basi la kufanya ni nini? Aliyepatwa mara ya kwanza na aende kwa daktari, kwani maumivu ya kifua huenda yakawa ni ya moyo. Akishahakikishiwa, ijapo hofu asikimbie: akae papo hapo, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe kwa utaratibu zaidi, na ajikumbushe kwamba itapita. Apunguze kahawa na aache miraa, kwani huuendesha moyo mbio. Akiepuka kila mahali alipopatwa na hofu, dunia itamwia finyu. Kwa hivyo na aparejee kidogo kidogo. Wapo wataalamu wa kutibu kwa mazungumzo, na dawa zipo.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 Hijria (934 Miladia), katika kitabu chake Masalih al-Abdan wa al-Anfus alieleza tiba ya hofu kama alivyoeleza tiba ya mwili.

Tusimwambie mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu. Mwenye homa hatumwambii hivyo. Kijana wetu sasa husali safu ya nyuma, karibu na mlango, na Ijumaa iliyopita alisogea mbele safu mbili. Twamuomba Mungu amponye yeye, na atuponye sisi na ujinga.