Kuvuka Reli kwa Salama: Somo kwa Wakazi wa Mpakani

Reli itokayo Mombasa huingia Uganda hapa mpakani Malaba, ikapitia Tororo na Jinja hadi Kampala, ilikofika mwaka 1931. Tangu siku zile miji imekua na kuisogelea. Palipokuwa pori leo pana masoko, shule na vituo vya bodaboda. Kwa hiyo sisi askari polisi tumeona vema kuwaeleza wananchi wenzetu kwa nini kivuko cha reli si sawa na njia panda nyingine.

Kwanza, garimoshi haliwezi kukwepa, wala halisimami papo hapo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama tairi juu ya lami, na uzito wa mabehewa hulisukuma mbele. Hata dereva wake akikuona na kufunga breki, laweza kuendelea kwa mamia ya mita. Basi mwenye uwezo wa kuzuia ajali ni yule anayevuka.

Pili, macho hudanganya. Kitu kikubwa kijacho kutoka mbali huonekana kana kwamba chaenda polepole. Tupige hesabu. Lori na trela lake, urefu wa mita 18, likivuka kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, huhitaji sekunde 9 hivi kukimaliza kivuko chenye upana wa mita 6. Katika muda huo, garimoshi liendalo kilomita 40 kwa saa husogea mita 100. Dereva asiingie kivukoni kabla foleni ya mbele haijaacha nafasi ya kulitosha gari lake lote.

Tatu, reli hizi mbili zimeachana kwa mita 1, lakini upana wa behewa huzidi mita 2 na nusu. Mchuuzi aliyetandaza nyanya zake kando ya mataruma, akidhani yuko nje ya njia, kumbe yumo ndani yake.

Gari likizimika kivukoni, washusheni watu wote na kuacha mizigo. Tokeni relini mara moja, kisha kimbilieni mbali pembeni, mkielekea upande litokako garimoshi, kwa kuwa vipande vya gari lililogongwa hurushwa upande liendako. Mkiwa salama, pigeni simu 999.

Mwendesha bodaboda asimame, atoe visikilizio masikioni, atazame pande zote mbili. Garimoshi moja likisha kupita, angojee kwanza. Penye njia mbili, la pili laweza kuwa limefichwa na la kwanza.

Mwisho, tufyeke vichaka vinavyoziba macho kivukoni, na anayeona kibao cha tahadhari kimeng'olewa kuuzwa kama chuma chakavu atoe habari kituoni. Mwenyeji huijua reli ilipo hata gizani. Dereva mgeni aliyevuka mpaka usiku hana mwenyeji ila kibao kile.