Kabati Linabambuka: Tatizo Ni Rangi au Ni Mbao?

Swali: Nimenunua rangi ya bei kubwa nikapaka kabati la jikoni mwenyewe, na sasa inabambuka. Nimeuziwa rangi feki?

Jibu: Huenda, lakini usianze kumlaumu muuza duka. Okota kipande kilichobambuka, ukigeuze. Kama upande wa nyuma ni laini kama plastiki, na pale kilipotoka vanishi ya zamani bado inang'aa, basi rangi haikuwahi kushika. Kama kimetoka na unga au nyuzi za mbao, ujue kilichoachia ni mbao yenyewe, pengine kwa sababu ya unyevu. Mara nyingi utaona hali ile ya kwanza. Rangi hushika vizuri penye mikwaruzo midogo ya kuishikilia, na vanishi ngumu haina mikwaruzo hiyo. Kabati la jikoni lina shida ya ziada: mvuke wa mafuta ya kukaangia umelitanda kwa miaka, na jasho la mikono limeganda kuzunguka vishikio. Ndiyo maana rangi huanza kutoka hapo kwenye vishikio. Hata rangi bora kuliko zote dukani haishiki juu ya mafuta.

Swali: Sasa nifanyeje?

Jibu: Fungua vishikio na bawaba. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta, suuza, acha pakauke kabisa. Msimu wa masika, hasa Pwani, hilo huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Kisha piga msasa namba 120, umalizie na 180 au 220, ukifuata nyuzi za mbao. Kama vanishi imeshika vizuri, huna haja ya kuitoa yote. Unachotaka ni kuua mng'ao wake. Ziba mashimo kwa puti, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, paka praima, halafu rangi mikono miwili miembamba.

Swali: Fundi ananiambia praima ni kupoteza hela, rangi ya mafuta inajishikia yenyewe.

Jibu: Fundi ana hoja. Kabati lililokwisha kupakwa rangi ya mafuta, likiwa zima na limepigwa msasa vizuri, linaweza kupokea rangi ya aina ileile bila praima. Lakini mbao tupu hunywa rangi bila usawa, ikabaki na mabaka. Mninga na mkangazi zina rangi yao ya asili inayoweza kupenya na kutia madoa kwenye rangi nyeupe, hata ukirudia mikono mingapi, na hapo unahitaji praima ya kuzuia madoa. Tena ukipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kuiandaa, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Wala usijaribu kufidia kwa kupaka nzito. Rangi ya mafuta hukomaa kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Mkono mzito hufanya ngozi juu huku chini kukibaki kubichi, kisha unakunjamana.

Swali: Kupiga msasa rangi ya zamani kuna hatari?

Jibu: Ipo, na haizungumzwi inavyostahili. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978; kwetu masharti yamekuja baadaye sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kama hujui historia ya fanicha, usikwangue kavu wala usichome rangi: tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, fanyia kazi nje, na watoto wawe mbali. Kitanda cha mtoto chenye rangi kuukuu inayobanduka usikiguse kabisa, tafuta kingine.

Mwisho, rangi ikikauka juu haimaanishi imekomaa. Usirudishe vyombo kabatini kabla ya wiki moja. Na kama una siku moja tu, itumie yote kuosha na kupiga msasa. Kopo la rangi lifunguliwe siku nyingine.